Kiti cha Nyuma cha Teguh

Mlango unaweza kupakwa rangi mpaka mpita njia akameza mate, kumbe ndani paa linavuja. Teguh alilijua hilo asubuhi ya kumtoa baba yake hospitali, na nusura alijue akiwa amechelewa.

Baba yake, mzee Kartono, alikuwa mgema wa minazi milimani Menoreh. Mnazi ulimtupa, pingili ya mgongo ikapata ufa. Daktari hakumung'unya maneno: "Akitikiswa kwa nguvu kabla mfupa haujaunga, miguu inaweza kufa."

Gari lilikuwa la Teguh, na ndilo lilikuwa maringo yake. Kabla ya Idi alilishusha likae karibu na ardhi, kama vijana wote wanaotaka kurudi kijijini waonekane. Springi nyekundu, fupi, ngumu kama jiwe. Kwenye kona lilishika lami kama mjusi ukutani. Lakini maneno ya daktari hayakumtoka. Akaenda gereji kwa fundi Ngatijo.

"Niangalizie tu, fundi. Hizi ni springi za mashindano."

"Baba yako anashindana na nani?" Ngatijo akanyoosha mkono. "Lete funguo. Wewe kaa nyuma."

"Nyuma? Dereva si mimi?"

"Ndiyo maana hujui kitu. Wa mbele analiona tuta, anajikaza. Wa nyuma habishiwi hodi."

Kweli. Tangu alinunue, Teguh hakuwahi kukaa kiti cha nyuma cha gari lake.

Ngatijo aliendesha taratibu kama anakwenda msibani. Mbele ya msikiti palikuwa na matuta matatu, yale wenyeji huyaita polisi waliolala. La kwanza lilimtwanga Teguh kiunoni kama mchi. La pili likampeleka kichwa darini. La tatu hakuliona. Alikuwa amefumba macho, na humo gizani aliiona miguu ya baba yake imelala kitandani kama magogo.

"Simama, fundi."

"Haya ni matatu tu. Toka hospitali mpaka kwenu yapo ishirini na sita."

Teguh akakimbilia kwake, akatoa kwenye banda la kuku springi zake za zamani, zile laini. Zilipofungwa, matuta yakageuka godoro. Akaanza kutabasamu. Kisha Ngatijo akaingia kona ya daraja: gari likalala upande, likayumba kama mlevi, maji ya mto yakaonekana kuja mpaka dirishani. Teguh akakumbatia kiti.

"Springi inabeba, shokapu inatuliza," Ngatijo alisema. "Shokapu zako zimekufa. Na kona za kwenu zina bonde."

Wakaziacha springi za zamani, wakafunga shokapu mpya. Teguh akakaa nyuma tena, bila kuambiwa. Kwenye tuta gari lilipanda mara moja, likashuka, likatulia. Kwenye kona liliinama kidogo, likanyooka.

Mzee Kartono, kifua kimebanwa na mkanda mgumu, alilikagua pale mlangoni mwa hospitali. "Mbona limepanda hivi? La kubebea mihogo?"

"Panda tu, baba."

Teguh aliendesha akihesabu matuta. Ishirini na tano yalipita salama. Kabla ya la mwisho, kwenye kivuli cha mianzi, gurudumu la nyuma likatumbukia shimoni.

Nyuma kimya.

"Baba?"

Akasimamisha gari. Shingo ilikataa kugeuka, kioo hakuthubutu kukitazama.

"Baba."

"Nini wewe? Nilikuwa nimelala." Mzee akapiga miayo. "Ndala yangu imeanguka wapi?" Na vidole vya mguu wake vikaanza kupapasa sakafuni, kimoja kimoja, vikiitafuta.

Teguh akalaza paji la uso kwenye usukani, akalia bila sauti. Springi nyekundu alikuwa ameziacha kwa Ngatijo, zinang'aa kama mpya. Nyumba njema si mlango. Fungua uingie ndani.