Dubu Aliyechekea Motoni

Hapo zamani, milima ya Wacheroki huko Amerika ilipokuwa na dubu wengi kuliko watu, aliishi mchongaji aitwaye Walini. Bibi yake ndiye aliyekuwa fundi wa vinyago kijijini, lakini sasa mikono ilimtetemeka.

"Wajukuu zangu," Bibi akasema, "sikukuu ya mahindi mapya inakaribia. Nataka dubu wa mti katika nyumba ya baraza. Atakayemfanya dubu huyo, kisu changu kilichopinda ni chake."

Tangu utotoni Walini alikitamani kisu kile. Hakuna kingine kilichoweza kuchimba ndani ya sikio la dubu bila kulivunja.

Akatwaa gogo la mjozi. Akachonga mgongo, akachonga makucha, akachonga masikio. Kila alipopumzika alimfunika dubu kwa majani mabichi, maana mti ukikauka upesi hupasuka. Siku ya kumi na tatu kilibaki kinywa tu. Walini akaenda mtoni kunoa patasi.

Huku nyuma akaingia mdogo wake, Sali, akamgusa dubu.

"Masikini, umelowa hivi!" Akamvua majani, akamweka kando ya moto. Mti ukalia, twaa! Ufa ukapita usoni, shavu hadi shavu.

Walini aliporudi, aliitupa patasi chini. "Sali! Umeniua!"

"Alikuwa amelowa, dada. Nilimwonea huruma."

"Huruma ya nini? Ni mti!"

Akachota utomvu wa msonobari auzibe ufa. Mara akachungulia mama yao mdogo, Kamama, msuka vikapu, ambaye kwa Wacheroki ni mama kamili. Akaangua kicheko.

"We mwanangu, acha! Humwoni anacheka? Panua pembe za ufa kidogo tu, hapa na hapa."

Walini akasita. Akapanua. Dubu akacheka kwelikweli.

Siku ya sikukuu watu walimtazama wakacheka mpaka wakasahau kucheza ngoma. Hakuna aliyesifu makucha. Hakuna aliyesifu masikio. Wote walisema, "Kinywa hicho!"

Bibi akatoa kisu.

"Ni changu," akasema Walini. "Siku zote hizo nimechonga mimi, hata pembe za kinywa."

"Ni changu," akasema Sali. "Kinywa nilikifungua mimi. Lawama mlinipa nzima, sifa mnaninyima?"

"Ni changu," akasema Kamama. "Huyu alipasua, huyu akataka kuziba. Bila macho yangu mngekuwa na dubu aliyenuna. Tena kitanifaa kuchania matete ya vikapu."

"Matete!" Walini akapiga ukelele. "Kwa kisu kilichopinda?"

Bibi akakielekeza kisu kwa huyu, akakielekeza kwa yule, akakirudisha kifuani. Na dubu, pale barazani, akawacheka wote wanne.

Haya, ninyi mlionisikiliza, msaidieni Bibi, mikono yake inachoka: ni nani hasa aliyemfanya dubu yule?