Santuri ya Baraka za Mama Namkunda

Santuri haisifiwi kung'aa, husifiwa kukumbuka. Mmemsikia shangazi yenu akiisema methali hiyo, mkacheka, sasa mnaniuliza imetoka wapi. Haya, sogeeni. Kitendawili: hana ulimi, lakini husema maneno ya mama. Mmeshindwa? Ni santuri, hizi CD mnazotundika shambani kutishia ndege. Na methali yenyewe ilianza kwa hofu, hivi.

Kule Usangi aliishi mama mmoja, Namkunda, mwenye uvimbe kooni. Daktari hakumficha: "Jumatatu tunakupasua, na huenda sauti isirudi." Bintiye Nakiete alikuwa amebakiza wiki tatu kuolewa, na kwao bibi harusi hatoki nyumbani mpaka mama amtamkie baraka kwa kinywa chake. Je, kinywa kikinyamaza?

Basi Jumamosi wakaenda kwa fundi Mbonea, mwenye mashine ya kurekodi. Kilichoingia kwenye santuri yake hakifutiki wala hakirudiwi. Akawatolea santuri tupu mbili. Moja ilimeremeta kama kioo. Nyingine, ndani ya kasha lake, ilikuwa imefifia.

"Hiyo inayong'aa," Nakiete akasema. "Ni ya harusi, fundi, si ya matanga!"

"Binti, ishike juani kwanza uone kama mwanga unapenya..."

"Fundi, mama anachoka. Rekodi!"

Mama akasema nusu saa nzima, akitaja majina ya mabibi wote wa ukoo, sauti ikikwaruza. Wakaondoka bila kuisikiliza.

Jumapili, baada ya ibada, Nakiete akaiweka kwenye redio ya jirani. "Mwanangu Na... Na... Na..." Mikwaruzo, kisha kimya. Akaitoa, akaifuta kwa kanga, akairudisha. Kimya. Akaiinua juani. Ilijaa vitundu vya mwanga kama chekeche; sauti ilikuwa imekosa pa kushika.

Akamshika mama mkono, wakarudi kwa fundi mbio mbio. Sauti ya mama ilikuwa imebaki mnong'ono.

"Fundi, nimeua baraka zangu mwenyewe."

"Hujaua. Kaa." Mbonea akaichukua ile iliyofifia, akaigeuza juani mara mbili. Hapakupenya kitu. "Mama, machache tu. Usijitese."

Mama akasogea. "Nakiete, nenda kwa amani. Sina kinyongo nawe." Akakohoa, ikawa basi. Safari hii hakuna aliyeinuka kabla ya kuisikiliza yote.

Siku ya harusi, Mama Namkunda alikaa shingo imefungwa kitambaa, hana sauti. Santuri ikawekwa. Kwanza hakikusikika kitu, na Nakiete akafumba macho. Kisha ikaja, nzima, bila kukwama: "Nakiete, nenda kwa amani." Mama akamwekea bintiye mkono kichwani mpaka neno la mwisho. Watu wazima walilia, wajukuu zangu.

Majina ya wale mabibi yalipotea na santuri ile, hayakusikika tena kwa sauti ya mama. Lakini bibi harusi alitoka nyumbani akiwa amebarikiwa.

Mama akaomba kalamu, akaandika kwenye karatasi, mjomba wa Nakiete akawasomea wageni:

"Santuri haisifiwi kung'aa, husifiwa kukumbuka."