Matanga ya Kiboko

Ngano hii kwanza aliisimulia Bibi Mwanakheri binti Sefu, mwaka 1996, siku aliyotoka mjini kupokea fedha walizomtumia wanawe kutoka ng'ambo. Alizihesabu, akazihesabu tena, akacheka peke yake, ndipo akawaita wajukuu.

"Nitoe, nisitoe?"

"Toa!"

"Ya kweli au ya uongo?"

"Changanya!"

Hapo kale mvua ilikatika upande mmoja wa mto. Wanyama wadogo wenye nguvu wakavuka kwenda kulima vibarua upande wa pili, wazee na watoto wakabaki. Kati ya waliovuka alikuwamo Buku, yule panya mkubwa wa mashavu mapana. Alimwacha mama yake, asiye na jino wala shamba. Ujira wa Buku wa mtama ukifika, mama anakula. Usipofika, hakuna mwingine wa kumpa.

Mto ulijaa mamba, na mchukuzi alikuwa mmoja tu, Kiboko. Kila mzigo ulipopakiwa, yeye alifungua kinywa. "Hiki kibaba cha mgongo." Nyafu! "Hiki kibaba cha maji." Nyafu! Akifika katikati ya mto, pasipo na wa kumwona, akajiambia kwamba mtama wa ng'ambo si sawa na mtama wa nyumbani, lazima ubadilishwe, vibaba viwili vya kule kwa kimoja cha huku. Nyafu, nyafu! Akaacha hata kula nyasi, akasahau zilikoota.

Siku moja ndege Yangeyange, ambaye huweza kuvusha habari lakini hawezi kuvusha gunia, alimletea Buku salamu kwamba mama yake anachemsha kumvi za mtama, na sauti yake imeanza kufifia.

Buku akawaita vibarua wote. Nguchiro, ambaye hasira zake ziko karibu, alitaka wamgomee Kiboko, asipelekewe hata punje mpaka alainike. Digidigi akauliza ni nani atakayelainika kwanza, Kiboko au mama zao.

"Tumgomee," akasema Buku, "ila mizigo ivuke."

Wakamcheka. Buku akangoja wamalize, kisha akauliza kama yupo aliyewahi kuona mtu anakitoza ushuru chakula cha matanga. Hakuwapo. Hata Fisi hathubutu, maana anayekila kabla ya wafiwa, msiba humfuata kwake.

Kesho yake walifika mtoni wamejitanda, wanalia. Kiboko akafungua kinywa.

"Taratibu, Mjomba. Hiki cha matanga."

Kinywa kikajifunga, pwa! Akabeba bure, chubwi, chubwi, mpaka upande wa nyumbani. Siku iliyofuata, matanga. Siku iliyofuata tena, matanga. Tumbo la Kiboko likaanza kunguruma kama mawe yanayoviringika kilimani.

"Mpwa wangu," akasema, "matanga gani haya yasiyoanuliwa? Amekufa nani?"

Buku akatazama kando. "Mtu mzito, Mjomba. Nipakie twende, ukaone mwenyewe."

Kumbe Yangeyange alikwisha kutangulia na maagizo. Kiboko alipopanda ukingoni aliwakuta kina mama wamekaa mikekani, vichwa chini.

"Hodi," akasema.

Hakuna aliyeinua kichwa.

"Jamani, hodi."

Mama Buku akafuta macho. "Kiboko wetu, masikini. Sauti yake bado naisikia masikioni."

"Mimi niko hapa."

"Hata harufu yake," akasema bibi mwingine, akaziba pua kwa majonzi.

Kiboko akamgeukia Buku, akauliza kwa kunong'ona imekuwaje. Buku akamweleza kwa upole kwamba hutokea. Maiti mwenye madeni huchelewa kupata habari.

Hapo mzee Kobe akasimama, akakohoa, akasema yale yasemwayo katika kila msiba. "Anayemdai marehemu ajitokeze."

Wakajitokeza wote. Akajitokeza hata mgeni aliyefika kijijini asubuhi ile.

"Lipa, Mjomba," Buku akanong'ona. "Wakishaanza kuchimba mimi siwawezi. Na kwa mwili wako huo, watachimba kwa hasira."

Kiboko akakimbilia pango lake la ukingoni, alikoficha akiba ambayo hata kwa njaa aliionea uchungu kuila, akatoa mtama mpaka chini. Buku akasema bado kiapo. Basi Kiboko akaapa mbele ya wote kwamba mzigo ni kibaba kimoja tu, kitajwe kwa sauti kabla ya kupakia, na kibaba cha kule kiwe kibaba huku.

Mama Buku akafunua kichwa. "Ala! Karibu, mwanangu. Siku zote hizi ulikuwa wapi?"

Kiboko akashukuru sana kwa kuonekana. Akaenda kutafuta nyasi. Mama Buku naye akakoroga uji mzito, mwiko ukasimama wenyewe.

Funzo lake ni hili. Kumdai mtu aliye hai ni utovu wa adabu. Mngojeni afe kwanza. Maiti hulipa vizuri zaidi.

Ngano imekatikia hapo. Utamu wake gawaneni, uchachu wake nirudishieni mwenyewe.

Mama Buku hayupo tena, aliondoka akiwa ameshiba. Kobe yu hai, kama kawaida yake. Buku yu hai, ana mvi masikioni. Kiboko naye yu hai, ingawa wapo wazee wa kijijini wanaoshikilia mpaka leo kwamba ni marehemu, kwa sababu madai yao hayajamalizika.