Nyasi za Mwenyekiti

Ukame ulipobana, kamati ya Mtaa wa Maua ilipiga marufuku kumwagilia bustani. Hata hivyo, Mwenyekiti Masinde alimsimamisha Semeni mbele ya majirani.

“Nyasi zako zimekauka, zinaaibisha mtaa. Zisipokuwa kijani mwisho wa mwezi, tunang'oa na hayo matembele yako.”

Matembele yale, yaliyokunywa maji ya kuoshea vyombo, ndiyo yaliyokuwa mboga ya watoto wake.

“Zako zinawezaje kuwa kijani, Mwenyekiti?” Semeni aliuliza kwa upole.

“Mbegu ya kisasa, mama. Haitaki maji.”

“Hata tone?”

“Hata tone!”

“Watu wabaya! Eti wanasema lile simtanki la maji la uani kwako ni la kumwagilia.”

“Waongo! Lile ni la dharura ya mtaa mzima.”

“Mungu akuzidishie, baba.”

Asubuhi majirani walijipanga getini kwake na ndoo, Semeni akiwa mbele.

“Kuna nini?”

“Dharura, Mwenyekiti. Bomba halijatoa maji tangu juzi.”

Walichota maji mpaka simtanki likabaki na tope tu, na kila lilipojazwa walirudi.

Mwisho wa mwezi Semeni alimkuta Mwenyekiti ameinamia nyasi zake, kahawia kama ugoro.

“Shikamoo, Mwenyekiti. Tuanze kung'oa kwangu au kwako?”

“Marahaba, mama. Hebu nigawie marando ya hayo matembele, nami nipande.”