Jiwe la Bibi Pelajia

Kila hujaji aliyekwenda kubusu masalia ya mtakatifu katika kanisa kongwe la Kilonde alipanda kilima na jiwe la toba alilotoka nalo kwao. Tajiri Gaudensi alifika kwa gari, mikono mitupu. Chini ya kilima akamkuta Bibi Pelajia amekaa kando ya furushi zito, akihema.

"Umetoka nalo mbali hilo?"

"Siku nne kwa miguu, mwanangu. Mabega yangu yako hoi."

Macho yakamtoka tajiri. Toba ya siku nne!

"Lete nilipandishe mimi."

"Hilo sikupi. Ukifika juu utasema ni lako."

"Mimi sibembelezi mtu!" Akalinyakua, akajitwika, akapanda jasho likimchuruzika hadi viatuni. Bibi alimfuata polepole akiimba litania.

Mbele ya padri, Gaudensi akapiga magoti, akalifungua furushi kwa madaha. Zikatoka sufuria, unga, maharage na blanketi.

"Mungu akubariki, mwanangu," alisema Bibi Pelajia, akafumbua kiganja na kuweka altareni kajiwe kadogo kama punje ya mahindi. "Jiwe langu ni hili. Ila usiondoke mapema, kesho kuna kushuka."