Mbuzi kwa Washindi, Mchele kwa Walioshindwa

Jirani yangu ameniuliza kwa nini kila Desemba natoa gunia la mchele kwa watoto wanaocheza netiboli, tena nawapa walioshindwa. Nilimjibu kwa hadithi hii. Nawatumia na nyinyi, na mwenye duka akiisoma ampelekee mwenzake.

Zamani mji wetu ulikuwa na mitaa miwili, Stesheni na Majengo, na mpakani palikuwa na bucha ya Mzee Kobelo. Mitaa hiyo iligombania bomba la maji lililohamishiwa Stesheni, hadi watu wakawa hawasalimiani. Kibaya zaidi, walikuwa hawazikani. Msiba ukitokea Majengo, sisi wa Stesheni tulifunga madirisha.

Sisi watoto hatukujua nani alianza. Chuki tuliirithi tu, kama tulivyorithi magauni ya dada zetu.

Mwaka niliotimiza miaka kumi na mitatu, Mzee Kobelo alitangaza mashindano ya netiboli ya wasichana wa mitaa hiyo miwili. Alinunua mipira, akasimamisha magoli, akachora uwanja kwa majivu nyuma ya bucha. Akatupa na jezi, sisi nyekundu, wale njano, mgongoni zimeandikwa Bucha ya Kobelo. Jamani, jezi ile. Nilikuwa sijawahi kuvaa nguo mpya isiyo ya sikukuu. Nililala nayo wiki nzima, hadi mama akanivua kwa nguvu aifue.

Kwa miezi mitatu tulifanya mazoezi kila jioni. Utoro shuleni ulipungua, maana Mzee alisema asiyeonekana darasani asionekane uwanjani. Hata bibi zetu walikuja na mikeka kututazama, ingawa kila mtaa ulikaa upande wake.

Fainali ilichezwa Jumapili. Tulishinda mabao kumi na tisa kwa kumi na saba, na mimi nahodha nikakabidhiwa kamba ya mbuzi. Kisha Mzee akamwita Zamda, nahodha wa Majengo, akampa gunia la mchele.

Nikanuna. "Babu, walioshindwa nao wanapewa zawadi?"

"Mbuzi wenu, mchele wao," akasema. "Nitawachinjia siku mtakayokuja pamoja."

Tukaapa hatuendi Majengo hata kwa dawa. Mbuzi tukamfunga nyumbani kwetu. Siku ya kwanza akala mchicha wa mama. Siku ya pili akatafuna kanga iliyoanikwa. Siku ya tatu alilia mchana kutwa, na mama akaniambia nichague, aondoke mbuzi au niondoke mimi.

Basi tukamburuta hadi Majengo, tukitegemea kuzomewa. Nilijua mchele umeshaliwa zamani, kwani wali hausubiri nyama. Tukamkuta Zamda amekaa juu ya gunia lile, uzi wake haujakatwa.

"Mmechelewa," akasema. "Tunawangoja tangu Jumapili. Kuni zenyewe zimeshakauka."

Niliona aibu ambayo mpaka leo nikiikumbuka natazama chini.

Mzee akachinja, sisi tukapika nyuma ya bucha, na tulipika vibaya mno. Mama alikuja kunifuata ili anirudishe nyumbani. Akaona wali unaungua, akashindwa kujizuia, akashika mwiko. Upande wa pili wa sufuria alikuwepo mama yake Zamda, naye amekuja kwa jambo lile lile, anapunguza moto. Walikuwa hawajasemeshana miaka sita.

Mama akasema bila kuinua macho, "Nipe hiyo chumvi."

Mama Zamda akampa. Ilianzia hapo, kwenye chumvi.

Miezi miwili baadaye bibi yake Zamda alifariki. Mama alijifunga kanga, akateka maji kwenye bomba lile lile la ugomvi, akavuka kwenda msibani na ndoo kichwani. Wanawake kumi na mmoja wa Stesheni walimfuata.

Nilipokuwa mtu mzima nilimwuliza Mzee Kobelo aliyajuaje yote yale. Aliweka kisu chini.

"Sikujua kitu, mjukuu wangu," akasema. "Siku namzika mke wangu, watu wa Majengo walifika, wakawaona wa Stesheni wamekaa, wakageuza. Nilimzika na nusu ya mji. Wakubwa walishanishinda, nikasema nijaribu kwa watoto."

Miaka yote nilikuwa nanunua nyama kwake na sikuwahi kujua.

Alipofariki yeye, wanaume wa mitaa yote miwili walipokezana jeneza hadi makaburini. Sisi wanawake tulibaki uani kwenye masufuria, mimi na Zamda tukipokezana mwiko mmoja. Tulilia na tulicheka, na hakuna aliyeuliza nani anatoka mtaa gani.

Siku hizi mimi nauza nafaka na Zamda anafuga. Yeye hutoa mbuzi, mimi natoa mchele. Mwaka jana washindi walimficha mbuzi wao siku mbili nzima. Hatukuwagombeza. Tulianika kuni, tukawangoja.

Funzo: Wewe mwenye biashara, wape watoto wa mtaani kwako mahali pa kucheza pamoja, watawavuta wazazi wao, na siku yako ikifika utazikwa na mji mzima.