Kiboko Aliyetaka Makofi Yote

Hadithi yabisha hodi!
Ifungulieni iingie!
Imekuja peke yake?
Imekuja na mikia!
Inacheka au inalia?
Ikae kwanza, tutaiona!

Haya, sogeeni. Wewe huko nyuma, acha kutafuna miwa, unanifunika sauti.

Wanyama wa bonde la Ngarambo walikuwa na kikundi cha maigizo. Msicheke, walikuwa nacho. Kila mwaka mvua zikiisha, alasiri jua likianza kupoa, walikutana kwenye uwanja karibu na bwawa. Walicheza michezo minne: wa kwanza wa kuchekesha, wa pili wa arusi, wa tatu wa nyimbo tupu, wa nne wa kulia. Aliyekuja kutazama alikuja na chochote mkononi, huyu tikiti, yule masuke ya mtama, huyu fungu la majani. Vyote viliwekwa lundo moja pembeni ya uwanja. Lundo hilo halikuguswa mpaka kiangazi kikali, ndipo wakalishwa wazee na wenye watoto wachanga.

Bi Korongo ndiye aliyeimba. Mzee Muhanga, yule mchimbaji wa mashimo mwenye kucha kama majembe, ndiye aliyetengeneza uwanja. Na Sange? Sange ni kanyama kadogo, kama panya, kenye pua ndefu inayochezacheza. Hakuonekana uwanjani hata siku moja. Alikaa ndani ya kishimo, na mchezaji akisahau maneno, yeye humnong'oneza: psi, psi, psi. Maneno yote ya michezo yote yalikuwa kichwani mwake.

Mwaka mmoja mvua ilikuwa haba. Walicheza mchezo wa kuchekesha hivyo hivyo, na watu wakacheka, wakapiga makofi: pwa! pwa! pwa!

Kiboko akatoa kichwa bwawani. "Nini hicho?"

"Makofi," akasema Bi Korongo.

"Anapewa nani?"

"Anayecheza vizuri."

Kiboko akatoka majini, tope likimchuruzika. "Kuanzia leo nacheza mimi."

"Lakini baba, mchezo unaofuata ni wa arusi. Bwana arusi tayari tunaye."

"Bwana arusi ni mimi."

"Na bibi arusi?"

"Mimi."

"Na shehe wa kufungisha?"

"Mimi!" Akafungua kinywa, aaaah, na wote wakayaona meno yake. Nani angebisha?

Basi akacheza arusi peke yake. Akajiposa, akajikubalia, akajifungisha. Sange akamnong'oneza kila neno, maana Kiboko hakuweza kukariri hata salamu. Alipomaliza akawakodolea macho watazamaji. Wakapiga makofi: pwa... pwa... Kisha Kiboko akaliendea lundo. Gubu! Gubu! Gubu!

"Baba, hicho ni cha kiangazi!" akalia Bi Korongo. "Nina watoto wawili hawajaota hata manyoya."

"Mchezaji mkuu ndiye anayekula," akasema Kiboko. "Gubu!"

Ukaja mchezo wa nyimbo. Nani ataimba? Mimi. Nani ataitikia? Mimi. Nani atapiga ngoma? Mimi. Akaimba: mbuuu-hu-hu! Akaitikia: mbuuu-hu-hu! Akaipiga ngoma kwa mguu, ngoma ikapasuka: pwaa! Akawakodolea macho, wakapiga makofi. Akala lundo lote mpaka masuke ya chini.

Kiangazi kikaingia. Bwawa likanywea, likabaki dimbwi, na dimbwini amelala Kiboko. Wanyama wakakata shauri: twendeni mto mkubwa, mwendo wa siku mbili. Njia ilikuwa moja tu, mwanya kati ya majabali mawili. Walipofika, wakamkuta Kiboko ameshawatangulia, ameuziba mwanya kwa matako yake.

"Mnakwenda wapi?"

"Kutafuta maji, baba."

"Mkienda, nani atanitazama? Umebaki mchezo mmoja. Rudini."

Wakarudi. Kila asubuhi walikwenda, kila asubuhi walimkuta pale, na kila asubuhi walirudi. Hata Bi Korongo mwenye mabawa alirudi, maana watoto angemwachia nani? Siku ya sita mtoto mdogo wa Bi Korongo aliinamisha shingo asubuhi, na mchana hakuiinua tena. Bi Korongo hakulia. Alimfunika kwa bawa akakaa hivyo hivyo, kana kwamba bado anampa joto.

Sange aliliona hilo. Pua yake ikaacha kuchezacheza. Akaenda mpaka mwanyani.

"Baba Kiboko, mchezo wa mwisho una nafasi moja ambayo hakuna aliyewahi kuiweza."

"Nafasi gani?"

"Mfalme aliyekufa. Tangu mwanzo mpaka mwisho wanamtaja yeye tu. Wote wanamlilia."

"Anasema maneno mengi?" Kiboko alichukia maneno mengi.

"Hata moja."

"Na makofi?"

"Yote yake. Lakini asitikisike mpaka ayasikie. Akitikisika kabla, mchezo umeharibika. Hata Nyati alijaribu zamani, akashindwa. Alipiga chafya."

"Nyati nani!" Kiboko akainuka. "Nichimbieni kaburi."

Mzee Muhanga akachimba pale uwanjani. Kru! kru! kru! Alichimba mpaka hakuonekana hata masikio. Kiboko akateremka, akajinyoosha, akafumba macho. Wanyama wakakusanyika juu, na Bi Korongo akaanza kuimba.

Jamani. Alimwimba mtoto wake. Hakumtaja mfalme hata mara moja. Aliimba juu ya shingo ndogo na manyoya ambayo hayakuota, na wote uwanjani wakalia, waliokuwa na watoto na wasiokuwa nao. Mule shimoni Kiboko akasikia kilio, akajaa furaha, na hakutikisika.

Wakaanza kuondoka mmoja mmoja, wakilia huku wanatembea, ili kilio kisikatike ghafla. Wa mwisho alikuwa Bi Korongo, na mtoto aliyebaki mgongoni.

"Na wewe, Sange?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Miguu hii? Siku mbili zenu ni siku ishirini zangu. Tena lazima abaki mtu wa kumnong'oneza. Nendeni."

Wakaenda. Vumbi likatulia. Sange akakaa ukingoni mwa shimo.

"Sange," akanong'ona Kiboko, "tayari?"

"Bado. Bado wanakulilia."

Jua likawaka. Ngozi ya kiboko bila maji hupasuka kama udongo.

"Sange, tayari?"

"Bado. Kimya chao ni cha huzuni."

Siku ya pili ikapita. Sange angeweza kwenda kutafuta wadudu, hakwenda. Alikuwa akihesabu: sasa wamefika jabali jekundu, sasa wamefika mto.

Siku ya tatu, sauti ikatoka shimoni, ndogo, si ya kiboko tena. "Sange. Nataka kuinuka, hata bila makofi."

"Inuka, baba."

Miguu ikatetemeka. Tifu! Akaanguka palepale. Akajaribu tena. Tifu!

"Sange."

"Naam."

"Walilia kweli?"

"Kweli."

"Wakinililia mimi?"

Hapo ndipo Sange angemwambia. Alikuwa amelisubiri swali hilo siku tatu nzima. Alikuwa na jibu, fupi, kali, na jina la mtoto ndani yake. Akatazama chini, akaona jicho moja limefunguka kidogo, linamtafuta.

"Wewe," akasema Sange. "Walikuwa wanakulilia wewe."

Jicho likafumbika.

Je, kule mtoni? Walifika. Lakini mto ulikuwa na wenyewe, na wenyewe hawakutaka wageni wengi mahali pamoja. Wakatawanyika, huyu huku, yule kule. Bi Korongo alimlea mtoto wake akakua, ila hakuimba tena. Mvua zilipoisha hakuna aliyesema, "Tukutane uwanjani." Uwanja wenyewe uliota miiba. Sange alikaa pale, maneno ya michezo minne yote kichwani, ya arusi na ya vichekesho, na hapakuwa na hata mmoja aliyesahau kitu ili amnong'oneze. Siku moja alijaribu kuyasema kwa sauti. Akagundua kwamba hajui kuyasema. Alijua kunong'ona tu.

Haya, na mafunzo mnayataka? Yapo, msinikodolee macho. Hadithi hii inatufundisha kwamba mchezaji mwenye bidii, anayetulia na kufuata maelekezo, hupata nafasi kubwa na watu humlilia. Inatufundisha pia kuwa mkweli siku zote. Na ninyi wadogo, kuleni sana, mnenepe kama yule baba.

Nimeimaliza. Wa kuicheka aicheke, wa kuililia aililie, na anayejua mwisho mzuri kuliko huu, aje akae hapa nilipokaa.